Aliyeniambia Choka

Ilikuwa mchana. Nianze na hilo, maana nawajua ninyi wasikilizaji: mtu akitaja mzimu, kwanza mnataka giza, mnataka bundi na upepo. Hapakuwa na giza. Jua lilikuwa limekaa juu ya mabati ya Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi hapa Malawi, na muziki wa harusi ulisikika kutoka upande wa pili wa kambi. Sikuwa nimekunywa, sikuwa na malaria, sikuwa nasinzia. Yalinipata mimi mwenyewe, kiwanjani kwangu, nikiwa nimelala chali chini ya pikapu yangu. Asiyetaka kuamini aache. Mimi nitaendelea kumshukuru yule mtu hata nikibaki peke yangu.

Pikapu hiyo niliinunua Lilongwe, kwa mjane mmoja wa Area 47. Wanamwita Amake Chisomo, yaani mama yake Chisomo, kama sisi tunavyomwita mke wangu Mama Neema. Mume wake alikuwa amefariki, na gari lilikuwa limesimama tu uani kwake, majani yameota mpaka kwenye mlango. Mimi nilikuwa nimefanya biashara miaka mingi kwa magari ya watu, leo nimebebwa, kesho nimeachwa njiani na magunia yangu. Siku nilipoiingiza pikapu kambini nikipiga honi, Mama Neema alitoka na unga mikononi akacheza katikati ya njia, na mimi nikajifanya nimeingiwa na vumbi machoni.

Gari lilikuwa zima, injini safi. Lilikuwa na tabia moja tu: pua yake ilikuwa chini. Nyuma limeinuka, mbele limeinama. Wajuzi wanasema pikapu nyingi hutengenezwa hivyo makusudi, ili zikibeba mzigo zikae sawa. Huenda. Lakini njia za vijiji vya Dowa, ninakonunua soya na karanga, hazijui habari hiyo. Kila shimo, pua ilikuwa inalamba udongo.

Na maneno ya watu je? Jirani yangu Ramazani, Mwislamu wa Kindu, kule kwetu Kongo, anayeuza mabeseni sokoni, ana mdomo usiojua likizo. Kila asubuhi akipita alisimama, akaiangalia pikapu, akatikisa kichwa.

"Ndugu yangu, motokari yako iko nasujudu tangu asubui. Itatoa salamu saa ngapi?"

Nilicheka mara ya kwanza. Baadaye ilianza kuniuma. Nami ni mtu wa hasira za karibu, nakiri, tena ukitaka nifanye jambo niambie tu kwamba siliwezi.

Basi nikaenda mjini, kwenye maduka ya vipuri, nikanunua spesa. Msihangaike na jina. Ni vipande viwili vya chuma vya mviringo, vinene kama kipande cha sabuni ya kufulia. Unaviweka juu ya amotisa, ile nguzo yenye springi inayolibeba gurudumu la mbele, kimoja kulia kimoja kushoto, na pua ya gari inapanda. Gari linasimama sawa. Fundi wa mjini alitaka nimwachie gari. Nikamwambia hapana, kazi hii nitaifanya nyumbani. Nilikuwa nimeitazama kwenye simu, kijana mmoja anaifanya huku anapiga mluzi. Sikufikiri kwamba kijana yule ana sakafu ya saruji na vyuma vya kila namna, na mimi nina udongo na nyundo.

Ilikuwa Jumapili. Tulirudi kutoka kanisani, mstari wetu wote wa nyumba ukavaa tena, safari hii kwa ajili ya harusi. Mama Neema alitoka ndani amejifunga kitenge kipya akanikuta nimeshavaa ovaroli.

"Baba Neema! Bantu bote banaenda ku fete, we utabaki kulala na motokari?"

"Njo ivyo. Kesho niko na safari."

Alinitazama sana, akachukua watoto, akaenda. Ramazani naye alipita amevaa koti na kanzu safi, akaisalimu pikapu kwa mkono kifuani. Mstari mzima ukabaki kimya. Kumbukeni hilo. Hakukuwa na mtu.

Nikaanza. Nikazuia magurudumu ya nyuma kwa mawe. Jeki, ambayo sisi tunaiita kriki, niliikuta chini ya kiti siku niliponunua gari, ilikuja nalo. Jeki ya mafuta, fupi, nzito, rangi yake nyekundu imebabuka. Nikapampu, upande wa mbele wa kulia ukapanda vizuri, nikatoa gurudumu. Yule kijana wa kwenye simu aliweka stendi za chuma chini ya gari. Mimi sikuwa nazo. Gurudumu nililolitoa ningeweza kulisukuma chini ya chasisi, jeki ikishindwa lishike uzito. Unajua nililifanyia nini? Nililiviringisha hadi kivulini, nikalilaza, liwe kiti changu cha kupumzikia.

Nati tatu za juu za amotisa zilitoka kwa upole. Bolti ya chini ikakataa. Kutu ilikuwa imeishika. Nikapiga nyundo, nikatia mafuta, nikaitukana kwa Kibembe, lugha ya mama yangu, wapi. Mwisho nikatandika karatoni chini ya gari, nikajisukuma chali mpaka kifua changu kikawa chini ya chuma kile kinachovuka katikati, nikaikabili bolti kwa chini. Kutu ikanimwagikia machoni.

Hapo ndipo nilipoiona miguu.

Ukiwa chini ya gari, dunia yote ni miguu. Kuku anapita, unaona miguu. Mtoto anapita, unaona miguu. Hii ilikuwa ya mtu mzima, imesimama upande wa dereva, imeelekea kwangu. Peku. Vumbi mpaka kwenye vifundo, kama mtu aliyetembea kutoka mbali. Suruali ya kaki imekunjwa. Na mguu wa kushoto ulikuwa na vidole vinne. Pale pa kidole gumba palikuwa na kovu linalong'aa.

"Choka," akasema.

Sauti nzito, ya mtu wa makamo, haina haraka. Mimi nikasikia nilichosikia. Kwetu mtu akitaka kusema amechoka anasema "nachoka". Nikajua basi, huyu ni mzee ametembea na jua lote hili, amefika kwenye kivuli cha kwanza, hata pumzi ya kumalizia neno hana. Ningejua nini tena? Na kwetu Fizi tulikulia hivi: mtu akiingia kiwanjani kwako akisema amechoka, huulizi ni nani wala ametoka wapi. Kiti kwanza, na maji. Maswali yanakuja akishameza.

"Pole, mzee!" nikasema. "Ikala pale kivulini. Niko namaliza."

"Choka!"

Safari hii alisema kwa nguvu. Nikafikiri, masikini, hali yake mbaya. Lakini bolti ilikuwa imeanza kusogea, niaminini, nilitaka mzunguko mmoja tu. Nikaweka spana tena. Ndipo alipopiga bodi ya gari kwa kiganja, pa! Chuma kikalia juu ya uso wangu.

"Choka!"

Nikaona haya. Nikasema moyoni, mama yangu angenisikia namwambia mgeni angoje kwa ajili ya bolti, angenichapa mbele ya huyo mgeni. Nikaacha spana palepale, nikajisukuma nikatokea upande wa mlango wa nyumba. Macho yalikuwa yamejaa kutu, nikawa nayafuta kwa mkono wa ovaroli. Niliona kama kivuli cha mtu mrefu ng'ambo ya boneti, ana kofia. Sikumtazama vizuri. Hilo linanisikitisha mpaka leo.

"Nakuja, mzee, niko nakuleteya mayi," nikasema, nikaingia ndani.

Nikakamata kikombe cha bati, kile cha bluu. Nikainamisha bidoni ya maji. Maji yalikuwa yanaingia kikombeni niliposikia kishindo. Hakikuwa kikubwa kama mnavyodhani. Kilikuwa kizito tu, kama gunia la mahindi lililoachiwa kutoka juu, na masufuria yakagongana ukutani.

Nikatoka mbio na kikombe mkononi. Pikapu ilikuwa imelala. Jeki imezama yote, mafuta yake yanamwagika chini, na kile chuma cha katikati kimekaa juu ya karatoni yangu. Mnajua nilichofikiri? Sikufikiri kwamba nimepona. Nilifikiri kwamba gari langu limemuua mgeni. Nikajitupa chini nikapiga kelele, "Mzee! Mzee!" Nikachungulia upande huu, nikachungulia upande ule. Hakuna mtu. Karatoni tu, imebanwa, ina umbo la mgongo wangu.

Nikazunguka upande wa dereva. Mama Neema alikuwa amefagia kiwanja asubuhi, na mistari ya ufagio ilikuwa bado inaonekana kwenye vumbi. Palikuwa na nyayo mbili za peku, sambamba, zimelielekea gari. Ya kushoto vidole vinne. Hakuna unyayo unaokuja. Hakuna unyayo unaoondoka.

Nikaketi chini. Bado nilikuwa nimeshika kikombe, na ajabu, pamoja na kujitupa chini kote kule, maji hayakuwa yamemwagika.

Watu wa harusi ndio walionikuta. Mama Neema alipoona gari lilivyolala alitoa ukelele ambao ulinyamazisha muziki, nasema kweli, na alipogundua nimekaa upande wa pili akanipiga kwanza, kisha akanikumbatia. Wanaume wakavua makoti ya suti, wakaliinua gari kwa mikono huku wakiimba, mmoja akasukuma gurudumu chini ya chasisi. Nikavuta karatoni yangu. Ilitoka imechanika mahali pa kifua.

Ramazani akaniuliza nilitokaje. Nikamweleza: mzee mmoja alikuja, peku, akasema amechoka, nikamwendea maji.

"Alisema je?" akauliza. "Sema kama vile yeye alisema."

"Choka. Mara tatu."

"Njo vile tu? Choka?"

"Njo vile tu."

Ramazani anakijua Kichewa, lugha ya wenyeji wa huku, kama mdomo wake, kwa sababu ya mabeseni yake. Mimi Kichewa changu kilikuwa cha sokoni: bwanji ya salamu, zikomo ya asante, punguza bei, basi. Pengine neno hilo nilishalisikia huko njiani, lakini mtu akiwa chini ya gari, sikio lake husikia lugha aliyoizoea. Ramazani akaketi juu ya tofali na koti lake safi.

"Ndugu yangu," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa anatania, "ule mutu hakuchoka. Ile ni Chichewa. Choka njo kusema ondoka. Toka apo."

Nataka mnielewe vizuri hapa. Mimi nimeambiwa "ondoka" katika lugha nyingi. Niliambiwa na wenye bunduki kwetu, nikaambiwa mipakani, nikaambiwa kwenye milango ya ofisi. Neno hilo nimelishiba. Kama siku ile ningelielewa, mnadhani ningetoka? Nijuavyo nafsi yangu, ningejibu kutoka kulekule chini: wewe nani, uje kuniambia niondoke kwenye kiwanja changu mwenyewe? Ningekamata spana yangu kwa nguvu zaidi, nikabaki. Na jeki ingeshuka. Yule mtu aliniamuru niondoke, na mimi nikasikia mtu anayehitaji maji. Ni Mungu tu anayeweza kupanga sikio la mtu namna hiyo. Usiku ule nilimshukuru nikiwa nimelala kati ya watoto wangu, sikutaka hata mmoja alale mbali nami.

Kazi tuliimaliza kwa siku zilizofuata, kwa stendi za kuazima na macho ya mstari mzima juu yetu. Spesa zikaingia, bolti zikakazwa, pikapu ikasimama sawa, mbele na nyuma. Ramazani akaiangalia akasema sasa imetoa salamu. Nilicheka mpaka nikalia.

Lakini ile miguu haikuniacha. Nilimwomba Ramazani anisindikize Area 47, tukamuulize Amake Chisomo habari za gari. Sikuwa na wazo lolote la mume wake, hilo naapa. Nilidhani labda gari lina dawa, labda lilimgonga mtu. Jeki ile mbovu niliitupa nyuma, nia yangu nimwonyeshe.

Alitupokea getini kwa furaha, akapiga magoti kidogo kama wanavyosalimiana kwao, akalizunguka gari akilisifu jinsi lilivyoinuka. Alipofika nyuma akaiona jeki. Mkono wake ukasimama hewani.

Akamuuliza Ramazani kitu kwa haraka. Ramazani akanigeukia.

"Anasema, juu ya nini ile kriki iko ingali mu motokari?"

Nikaanza kumweleza, Ramazani akitafsiri. Nilipofika kwenye miguu, nikasema kidole kimoja hakikuwepo na kuonyesha kwa mikono, yule mama hakungoja tafsiri. Alinionyesha mguu wake mwenyewe. Akagusa wa kulia, kama anayeuliza. Nikatikisa kichwa. Akagusa wa kushoto, akaniangalia. Nikaitikia kwa kichwa.

Tulimketisha barazani. Akaongea muda mrefu akitazama chini, na Ramazani akinipa maneno yake moja moja.

"Anasema ile kriki njo ilikata kidole ya bwana yake. Ilishuka yenyewe, paf, motokari ikakanyaga muguu. Anasema bwana alipenda kuitupa, akasahau, kisha akagonjwa. Wakati alikuwa amelala ku lopitali, kule Likuni, akamuita. Akamuambia, mutu mwenye atachukua motokari, umuambie kriki ni mubaya, asiingie chini. Akamuambia mara na mara. Na siku ulikuja, na kilio chote ile, yeye akasahau."

"Pepani," mama yule akaniambia, yaani samahani. Akarudia, "Pepani, pepani," akilia na kupiga makofi taratibu kwa viganja vilivyokunjwa. Nikamwambia, mama, nani anaweza kukumbuka jeki siku anapouza gari la marehemu wake? Mimi niko hai. Watoto wangu wana baba. Na aliyefanya hivyo ni mume wako. Nimekuja kushukuru, sikuja kudai kitu.

Ramazani akamtafsiria hayo. Kisha yule mama akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Akacheka. Machozi yanatiririka na anacheka, akimwambia Ramazani kitu huku akifunika mdomo kwa kitenge.

"Anasema bwana yake hakumutumainia na habari ya kupeleka. Alikuwa anamutuma chumvi ku boutique, kisha anamufuata nyuma kuona kama hajasahau."

Tulicheka sote watatu pale barazani, Mungu atusamehe.

Akatupeleka kaburini siku hiyohiyo, kijijini kwa mume wake, nje ya mji. Makaburi yao yako ndani ya kijisitu ambacho hakuna anayekata mti. Nilikuwa nimekuja na kikombe cha bluu, bila kujua kwa nini nilikichukua nyumbani. Nikaomba maji kwa watu wa pale kijijini, nikakijaza. Nilijisikia nina deni la mgeni aliyefika kwangu na hakunywa. Nikamimina taratibu, udongo ukayanywa.

Nilitaka kumwambia kwa Kichewa, nikakosa maneno. Nikamwambia kwa lugha yangu. "Zikomo, mzee. Umetoka mbali kwa miguu. Sasa umechoka. Pumzika."

Jeki tuliitupa kwenye shimo la choo, Ramazani akaisindikiza kwa maneno ambayo siwezi kuyasema hapa. Kikombe cha bluu hakinywewi na mtu wa nyumbani kwangu, ni cha wageni tu. Na mimi nimebaki na kaugonjwa kamoja: popote nilipo, sokoni, kanisani, kwenye foleni, natazama miguu ya watu kabla ya nyuso. Natafuta vidole vinne. Sijaviona tena. Sidhani kama nitaviona, yeye ujumbe wake umefika.

Wewe unayenisikiliza, nakuomba mawili. Ukilitoa gurudumu, lisukume chini ya gari lako, usilifanye kiti. Na siku ukiwa umelala huko chini, mtu usiyemjua akikuita kwa neno usilolielewa, usimuulize ni nani, wala usidhani unafukuzwa. Toka. Mpelekee maji.